Siku Niliyomnusa Kaka Yangu Mbele za Watu

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo nikiikumbuka hunyamaza katikati ya maneno, na watu wakadhani uzee umenipata. Sijamsimulia mtu yeyote mwanzo hadi mwisho. Lakini jana ulikuja hapa, mwanangu, ukaniambia kwamba mumeo ameacha pombe, huu mwezi wa tatu, na kwamba kila akirudi kazini unampekua mifuko na kuinusa kanzu yake kabla ya kuifua. Ulisema huku ukicheka kidogo, kama mtu anayengoja asifiwe kwa werevu wake. Sikukusifu. Nilikuambia uje leo mchana, nikiwa nimekwisha kula na mguu wangu haujaanza kuuma, ndipo nikueleze kwa nini.

Kwanza ujue unazungumza na bingwa. Katika kushuku watu, hapa Rumonge, kando yote ya ziwa, hakuna aliyenipita. Mume wangu wa kwanza alikuwa mvuvi, na kwa mwaka mzima aliniambia kuwa samaki wamehamia Magara, kwa hiyo hana budi kulala huko. Mimi nikamwamini. Nilimpikia, nikamfungia chakula katika jani la mgomba, nikampelekea kwa miguu. Kumbe huko Magara alikuwa na mke mwingine, na mtoto ambaye tayari anatambaa. Siku nilipomwona yule mtoto na yale masikio, masikio ya mume wangu hasa, nilirudi nyumba ya baba yangu na kuapa kwamba hakuna mwanamume atakayenidanganya tena, awe mume, awe ndugu, awe shehe. Nilikuwa na umri kama wako, na kiapo kile nilikishika kuliko nilivyoshika sala, Mungu anisamehe.

Hizo zilikuwa enzi za Wadachi, hao Wajerumani. Boma lao lilikuwa Usumbura, na huku kwetu wao wenyewe tuliwaona kwa nadra, ila askari wao tuliwaona mpaka tukachoka. Baba yetu alikuwa mtu wa Ujiji, mfanyabiashara wa chumvi ya Uvinza. Mama alikuwa Murundi wa Muhuta, akasilimu alipoolewa. Wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki, wametuacha watu wawili tu, mimi na kaka yangu Hamisi.

Hamisi alikuwa mtu mpole, tena mcheshi, mtu wa kukuchekesha mpaka ukaunguza chakula. Lakini alipokuwa kijana alichukuliwa kubeba mizigo ya boma, na huko safarini akajifunza mambo mawili. La kwanza, kuvuta bangi kwa kiko cha kibuyu. La pili, kunywa pombe ya ndizi mpaka asijue kesho ni siku gani. Alirudi nyumbani na yote mawili. Mimi nilipoachika nikarudi pale, nilikuta sufuria za mama hazipo, na baada ya mwezi nikakuta mlango haupo. Mlango wenyewe, mwanangu, ule wa mbao ambao baba aliupakia mtumbwini kutoka Ujiji. Aliung'oa asubuhi moja, akaubeba kichwani hadi kwa mtengeneza pombe, akashinda huko siku nne akiunywa. Tukawa tunafunga nyumba kwa mkeka. Watu wa mtaani walikuwa wakipita wanauliza kama tuko wazima, nao wanajua vizuri sana.

Kilichomsimamisha ni moto. Alikuwa amelewa, akaenda pale wanapochemsha mafuta ya mawese, akateleza, na mkono wake wa kushoto ukaungua kuanzia kiwiko hadi vidole. Tulimlaza mkekani. Nikamuuguza miezi miwili, na katika miezi hiyo hakupata pombe wala bangi, kwa sababu mimi nilikaa pale penye pengo la mlango kama askari. Alitetemeka, akatoka jasho, akaona wadudu ukutani ambao mimi sikuwaona. Alinitukana matusi ambayo sikujua kuwa anayajua. Kisha akanyamaza, akalala, akaamka akaomba uji.

Nikadhani kazi imekwisha. Na hapo ndipo kosa langu lilipoanza, kwa sababu watu wengi hudhani kuacha ni zile siku za kutetemeka. Zile zilikuwa siku rahisi. Alikuwa amelala, nami namwona. Siku ngumu ni aliposimama, akajitwisha chumvi ya baba, akapanda milimani kufanya biashara mahali ambapo simwoni.

Wewe ni mzaliwa wa hapa, huhitaji kuelezwa, lakini nitakueleza ili uone Hamisi alibanwa wapi. Hapa mtaani kwetu, kwa Waislamu, mtu akionekana karibu na chungu cha pombe heshima yake imekwenda. Kule milimani ni kinyume chake. Ukifika kwa mtu, chungu huwekwa katikati, mwenyeji huonja kwanza ili mjue hamna sumu, kisha kila mmoja hutia mrija wake na kuvuta. Ukikataa, maana yake unamshuku aliyekukaribisha. Umemwambia mbele za wageni wake kwamba yeye ni mwuaji. Hakuna atakayenunua chumvi yako tena, na hakuna atakayekupa mke. Basi kaka yangu, mtu aliyeuza mlango wa baba yake kwa ajili ya pombe, kila wiki alikuwa akienda kufanya kazi mahali ambapo salamu ya kwanza ni pombe.

Mimi nilijua haya yote. Unafikiri nilimuuliza anafanyaje? Sikumuuliza. Mimi nilikuwa na njia yangu. Akirudi alasiri, kabla hajatua mzigo, nilikuwa nimesimama mbele yake. Nilimwambia anipulizie. Yeye alifungua mdomo akapuliza, mwanamume mzima, kaka yangu mkubwa. Ulikuwa wakati wa ugonjwa wa malale, na watu wa serikali walikuwa wakipita ufukweni wanatubonyeza shingo mmoja mmoja kutafuta uvimbe. Mimi nilikuwa kama wao, ila hata wao walikuwa wanapita mara moja kwa mwezi. Nilipekua kapu la chumvi. Nilikung'uta nguo zake nikitafuta mbegu za bangi. Alipoanza kutafuna tangawizi njiani, nilijiambia: ahaa, anaficha harufu. Alipoacha kutafuna tangawizi, nilijiambia: amepata njia nyingine. Mtu akishaamua kushuku, mwanangu, kila kitu humwonyesha anachotaka kukiona. Nilikuwa nakonda, na nilimlaumu yeye kwa kukonda kwangu.

Kisha nikaona jambo. Hamisi alikuwa akipita kwa mzee mmoja mara nyingi kuliko kwa wengine. Mzee huyo aliitwa Bigirimana, na boma lake lilikuwa juu ya kilima kimoja, njia ya kwenda Bugarama. Kila akitoka huko, harufu ya pombe ya ndizi ilikuwa kwenye vidole vyake na kwenye nguo. Mdomoni haikuwepo, au ilikuwepo kidogo tu, lakini mimi sikutaka hesabu ndogo hizo. Nilimbana. Akasema maneno ambayo wakati ule yalinitia hasira:

"Miye sikunywa, Mwajuma. Na nikikuelezea hutaamini, basi acha ninyamaze."

Mtu asiye na hatia huwa hanyamazi, ndivyo nilivyofikiri. Mume wangu naye alikuwa akinyamaza namna ile ile. Sikulala vizuri siku hizo. Na asubuhi moja nilipomwona anaoga kwa makini, anavaa kanzu ya Idi siku isiyo Idi, na katika kapu lake, chini ya chumvi, anaweka kitambaa kipya cha kike, niliacha kazi zote. Nikajua leo nitamkamata. Nikajifunga kaniki, nikajitwika kikapu cha ndagala wakavu, dagaa wetu wa ziwani, ili nikiulizwa niseme naenda kuuza, nikamwacha atangulie.

Nilimfuata kwa mbali mpaka jua likawa kichwani. Nilipofika kwenye ua wa matete wa mzee Bigirimana nilisimama nje, nikachungulia. Walikuwa wanaume saba au wanane wamekaa duara, wamejifunika nguo zao vizuri, wako kimya kimya kama watu walio kwenye jambo kubwa. Katikati palikuwa na chungu. Na kaka yangu Hamisi alikuwa amekaa mkono wa kulia wa mzee, mrija mdomoni, mashavu yameingia ndani. Alikuwa anavuta.

Ningeweza kugeuka. Ningeweza kukaa pale nje nikamngoja. Hata leo huwa najiuliza ni nini kingenipungukia kama ningekaa chini ya ua nikaweka kikapu changu na kungoja. Lakini sikuwa nimetembea njia yote ile ili ningoje. Niliingia, sikusalimu, nikapita katikati ya wale wazee, nikamshika kaka yangu kidevu, nikamnusa mdomo mbele zao. Kisha nikasema kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka kilima cha pili:

"Munamupa huyu mulevi binti yenu? Aliuza mulango wa baba yetu, akaunywa."

Maana nilikuwa nimekwisha kuelewa, mwanangu. Pale mlangoni mwa nyumba nilimwona msichana aliyepakwa mafuta, mashanga shingoni, na wanawake wamemzunguka. Ilikuwa siku ya kuposa. Niliona, nikaelewa, na bado nikasema. Naomba usilisahau hilo unaponifikiria vizuri.

Hamisi hakujibu. Mimi, kwa kuwa hakujibu, niliona nahitaji ushahidi. Nikauchomoa mrija wake chunguni, nikauinua, nikauinamisha ili pombe itiririke kila mtu aione. Hakikutoka kitu. Nikautikisa. Hakikutoka kitu. Nikauweka jichoni nikauelekeza kwenye jua, na ndani palikuwa na giza.

Unajua tete lina vifundo. Anayetengeneza mrija hutoboa kile kifundo kwa kijiti cha moto ili kinywaji kipite. Mrija wa Hamisi ulikuwa haujatobolewa. Ulikuwa umelowa kwa nje tu. Mtu angeweza kuuvuta mpaka pumzi imwishe, tone lisimfikie.

Nadhani ungetarajia kwamba hapo aibu iliishia kwangu. La. Kushuku kumbe ni kitu cha kuambukiza. Mjomba wa yule msichana, mtu mwembamba aliyekuwa amekaa karibu na mimi, aliuchukua ule mrija kutoka mkononi mwangu, akauchungulia, akaweka chini wa kwake kama umemchoma. Akawatazama wenzake.

"Sisi wote tumekunywa, yeye peke yake hakunywa," akasema. "Iko ametia nini mu chungu?"

Mwanangu, sikuwahi kuona watu wakibadilika haraka vile. Mmoja alijitia kidole kooni akatapika. Wawili walisimama na fimbo. Kaka yangu alikuwa mgeni, mtu wa pwani ya ziwa, amekaa kwenye duara akijifanya anakunywa wakati wenzake wanakunywa kweli. Kwa mtu wa kule hakuna maelezo mengine: ni sumu. Na kwa mtia sumu hakuna kesi wala kwenda bomani; humalizwa pale pale. Nilikuja kumkamata kaka yangu akinywa, na sasa walikuwa wanataka kumwua kwa sababu hakunywa.

Mzee Bigirimana alisimama. Alikuwa mtu mfupi, hana haraka. Hakupigana na mtu. Alikiinua kile chungu kwa mikono miwili, akakiweka mdomoni, akanywa moja kwa moja, pombe ikimmwagikia kifuani, mpaka tukasikia chungu kinagonga meno yake. Akakishusha, akafuta ndevu, akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie:

"Ni miye niliziba ule murija. Aliniomba, nikamukatia kwa mukono wangu."

Kisha akawaeleza kwa Kirundi, na kwa kuwa hiyo ni lugha ya mama yangu, nilisikia yote. Kwamba Hamisi alimfuata mwaka uliopita, akamwambia wazi kuwa yeye ni mgonjwa wa pombe, kwamba akimeza tone moja hatasimama. Kwamba hakutaka kumtukana mwenyeji yeyote kwa kukataa. Kwamba aliomba mrija ulioziba, na si kwa ajili ya kuwadanganya wageni tu. Aliuomba kwa ajili yake mwenyewe, ili siku hamu ikimshika akasahau kiapo chake na kuvuta kwa nguvu zote, kisije kitu. Kwamba yeye Bigirimana aliona mtu anayejijua hivyo anafaa kuwa mkwe wake.

Fimbo zilishuka. Hakuna aliyempiga. Lakini wajomba walikwisha kusimama, na posa iliyoingiliwa na kutapika na neno la sumu haiendelei. Walisema wanaondoka, wakaondoka. Yule msichana, jina lake Bukuru, alikuwa amekaa mlangoni akinitazama mimi, si Hamisi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatazama tu, kama mtu anayejaribu kuelewa mimi ni nani.

Hamisi alikunja kile kitambaa kipya, akakirudisha kapuni, akamshukuru mzee, "murakoze," akashuka kilima. Nilimfuata nyuma hatua kumi. Chini ya kilima palikuwa na mtu anayekamua ndizi za pombe. Hamisi alikata kona akaingia. Mimi nilisimama njiani na kikapu changu cha ndagala, nikamsikia anasalimia, nikamsikia anaomba chombo. Safari hii sikuhitaji kunusa.

Alikunywa tangu mwezi ule mpaka mvua zikaanza. Bangi ikarudi. Nilimtafuta kila siku, na kila nilipompata aliniita kwa upole, akaniambia nikae, nisiogope, kwamba yeye si mgonjwa. Ni afadhali angenitukana.

Katika siku hizo Wadachi walitoa amri vichaka vya ufukweni vifyekwe, kwa ajili ya wale mbung'o wanaoleta malale, na watu wa milimani wakashushwa na askari kuja kufyeka. Mzee Bigirimana alikuwa miongoni mwao. Mchana mmoja walipopumzishwa, alikuja kwangu na mundu wake begani. Alisimama mbele ya ule mkeka tuliokuwa tumeufanya mlango, akasema amahoro, nami nikamkaribisha, nikampa maji. Aliyanywa yote. Kisha akanikemea, na katika maisha yangu sijakemewa na mtu yeyote kwa sauti ndogo namna ile.

"Ulikuwa unatafuta pombe mu mudomo wa ndugu yako, na sasa umeipata," akasema. "Miye si ndugu yake, nilimuzibia murija. Weye wa damu yake, ulimufanyia nini?"

Nilisema nilikuwa namlinda. Akauliza namlinda wakati gani. Nikasema kila alasiri, akirudi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia mtoto anahesabu vibaya.

"Ukimungojea mulangoni, iko amekwisha kunywa ao hakunywa," akasema. "Umuulize asubuhi, mbele ya kuenda. Na kama iko na pahali pagumu, muende wote."

Nikamwuliza, nikilia sasa, nifanye nini na mashaka yangu, maana hayatoki. Nilimwambia ukweli: hata kama ningejua tangu mwanzo habari ya mrija, ningemshuku na mrija wenyewe. Mzee alifikiri. Hakuniambia niache kushuku. Aliniambia mashaka yangu nimwambie Hamisi mwenyewe, usoni, kabla sijayapeleka penginepo. Kisha askari wakapiga filimbi, akaenda kufyeka.

Nilimleta Hamisi nyumbani nikamlaza tena mkekani. Zile siku za kutetemeka tukazipitia tena, na hazikuwa nyepesi kwa kuwa ni za mara ya pili. Alipopata nguvu nilimwomba msamaha. Alisema amenisamehe. Sikumwamini, na safari hii nilimwambia kwamba simwamini. Akacheka, kicheko chake cha zamani kidogo, akasema kweli, bado, ila anajitahidi.

Tangu hapo nilianza kwenda naye. Nilijitwika nusu ya chumvi. Asubuhi, kabla hatujatoka, nilimwuliza leo ni nyumba ipi ngumu, naye alinitajia: ya fulani, kwa sababu hulazimisha, ya fulani, kwa sababu pale ndipo alipovuta bangi mara ya mwisho. Nyingine tuliziacha kabisa, tukakubali kukosa wanunuzi. Nyingine niliingia mimi kwanza, nikaomba kwa adabu kwamba fungu la kaka yangu litiwe kibuyuni tuwapelekee watu wa nyumbani, maana hilo linakubalika na halimvunjii mtu heshima. Tulipofika njiani nilimpa kibuyu mtu wa kwanza tuliyekutana naye. Watu wa mtaani walisema Mwajuma sasa anatembea na vibuyu vya pombe, ndugu wote wawili wamepotea. Nikawaacha waseme.

Na mashaka yangu nilimwambia. Kulikuwa na asubuhi nilipomtazama anavyofunga kamba ya mzigo, vidole havitulii, macho yanakimbia, nikamwambia:

"Leo nina mashaka na weye."

Mara nyingi alikasirika kidogo, akasema hakuna kitu. Lakini siku moja aliiacha ile kamba, akakaa juu ya mzigo, akasema:

"Hata miye, Mwajuma. Leo hata miye nina mashaka na miye."

Siku ile hatukwenda popote. Tulikaa nyumbani tukichambua maharage, na jioni ilipofika alikuwa hajanywa. Huo ndio ushindi wenyewe, mwanangu. Hauna ngoma wala mwaliko. Ni watu wawili na ungo wa maharage.

Alianguka tena baada ya hapo, sitakudanganya. Mara mbili. Mara moja niliona inakuja, mara nyingine sikuona kitu, na mimi ndiye bingwa. Kila mara alisimama upesi kuliko mara iliyotangulia, kwa sababu hakuhitaji kunificha. Vita vya Wadachi na Wabelgiji vilipita juu yetu hakunywa. Alifariki kwa kifua, akiwa mzee wa msikitini, na hakuwahi kuniruhusu nimwambie mtu ni miaka mingapi ameacha. Alisema akianza kuihesabu ataanza kuitegemea.

Hakuoa. Hilo ndilo ninalolala nalo. Bukuru aliolewa Muhuta, na miaka mingi baadaye nilimkuta ufukweni kule akiuza mihogo, amenenepa, ana wajukuu. Alinitambua kabla sijamtambua. Aliniuliza kama Hamisi ni mzima, nikamwambia ni mzima, na hanywi. Alinipimia mihogo, akaongeza miwili juu, akasema bila kuniangalia:

"Ule murija ningemukatia miye kila siku."

Nilibeba mihogo ile mpaka nyumbani. Sikumwambia Hamisi. Ni siri pekee niliyomficha baada ya yale yote, na mpaka sasa sijui kama nilifanya vema.

Sasa sikiliza, maana mguu umeanza. Sikuambii umwamini mumeo. Mimi mwenyewe, kama unataka kujua, namshuku. Miezi mitatu ni michache mno, na juzi nilimwona anatembea haraka akipita pale kwa wauza pombe, na mtu huwa hakimbii asichokiogopa. Lakini mimi na wewe tukimshuku huku nyuma, yeye hapati faida yoyote. Acha kunusa kanzu. Kanzu itakuambia habari za jana, na jana huwezi kumsaidia. Muulize asubuhi ni wapi leo panamtisha, na akikutajia, usimhukumu kwa kuwa amekutajia, ama sivyo hatakutajia tena. Ukiwa na wasiwasi, mwambie yeye kwanza, na umwambie mkiwa wawili, si mbele ya mama yake wala mbele ya marafiki zake. Ukimwona ana ujanja wake mdogo wa kujizuia, hata ukiwa wa ajabu, hata kama huuelewi, usiuguse mpaka uulize ni wa nini. Na akianguka, mlaze, mpe uji, usimsimulie kuanguka kwake kila mnapogombana. Ujiandae kwa miaka, si miezi. Utachoka. Ukichoka njoo hapa unisengenyee mimi, mimi sina wa kumpelekea.

Umeniambia kesho ana harusi ya mwenzake huko Magara, na kwamba ulikuwa unapanga kumngoja mlangoni akirudi. Mungu akupe moyo mkubwa kuliko wangu wa wakati ule, ampe mumeo watu wa kumzibia mrija popote atakapokaa, na awape nyinyi wawili siku nyingi za kuchambua maharage bila jambo lolote la kusimulia. Amina. Nenda ukalale mapema, kwa sababu kesho inabidi uamke kabla hajatoka.